Tonge la Kwanza Nyarugusu

Siku niliyoondoka Songwa tulikuwa sita uani: mimi Luhende, mapacha Kulwa na Doto, Shija aliyewafuata, bibi yetu mzaa baba, na jirani yetu Mzee Maganga, aliyekuja kuniazima fimbo yake. Mabula, anayenifuata mimi kuzaliwa, hakuwapo. Alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu baada ya mavuno yaliyopita, na hatukusikia habari yake tena. Baba na mama walikwisha fariki. Niliacha shule mapema nikashika jembe, na wadogo zangu wamekulia mkononi mwangu. Nilipowaambia nakwenda kumleta Mabula kabla ya mvua, hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Shija alisema tu, "Kaka, mwambie tukila huwa tunaiacha nafasi yake."

Njiani, Kagongwa, niliingia hoteli kwa mara ya kwanza maishani. Kwetu mpita njia huitwa, hunawa, akala na wenye mji. Pale nililetewa wali na maharage kwenye sahani yangu peke yangu. Nikamwambia mtu aliyekaa mbele yangu, "Karibu."

Akacheka. "Karibu ya nini? Hiyo yako, hii yangu. Kula bwana, itapoa."

Nilipofika katikati ya sahani nikainua mkono. Nyumbani mkubwa humega tonge la kwanza, na mkubwa huyohuyo huinua mkono mapema ili wadogo wamalizie. Pale hapakuwa na mdogo. Mwenye hoteli akaichukua ile nusu akawamwagia kuku. Iliniuma njia nzima.

Kutoka hapo nilipata lori lililopeleka unga machimboni, nikakaa juu ya magunia. Ni pori tupu, nchi ya mbung'o, hakuna ng'ombe hata mmoja. Mimi nimezoea kusikia kengele za ng'ombe tangu asubuhi hadi jioni, na ukimya ule ulinifanya nione nimeondoka kwetu kweli.

Nyarugusu ni vilima vilivyotobolewa kila mahali, na vibanda vya nyasi hadi juu. Wachimbaji wengi hawana wake wa kuwapikia, kwa hiyo wanakula hotelini. Nikaamua kumtafuta ndugu yangu kwa kula hoteli hadi hoteli. Katika kibanda cha chai, chini kabisa ya kilima, niliuliza habari za Mabula.

"Mabula yupi?" akasema mmoja. "Hapa akina Mabula ni wengi kuliko nyundo, na nusu yao wamebadili majina!"

Nilipanda hoteli moja moja, kila mahali nikiacha nusu sahani, hadi ile ya nyama ya porini. Huko nako hawakumjua, lakini mimi walikwisha nijua. "Msukuma wa nusu sahani huyo!" walipiga kelele. "Mleteeni sahani ya mtoto!" Nilicheka nao, kisha nikatoka. Sijapata kuwa katikati ya watu wengi hivyo nikawa peke yangu hivyo.

Juu ya kilima palikuwa na hoteli moja iliyobaki, ya Bi. Zuhura, mwanamke mtu mzima kutoka Tabora.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nawa, ukae."

Alinipa ugali wa muhogo na sato mkavu. Nilipoinua mkono alikuja, akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Chakula kibaya?"

"Kizuri sana, mama."

"Sasa hiyo unamwachia nani?"

Nikamweleza. Akaketi mbele yangu, mwiko mkononi.

"Nilikuwa na kijana hapa hawezi kuanza kula. Ugali anautazama mpaka unapoa. Nikadhani anaumwa. Siku moja nikapita nikamega tonge nikala mimi. Hapo hapo naye akaanza. Basi ikawa kazi yangu kila siku, lazima nimmegee. Yule hawezi kuanza, wewe huwezi kumaliza. Ninyi mmelelewa sinia moja."

Nilimwuliza jina la huyo kijana.

"Alijiita Luhende."

"Luhende ni mimi," nikasema.

Aliweka mwiko chini. "Hakupata kitu hapa. Ameondoka na lori la watu walioandikwa kazi machimbo ya Lupa, kule kusini. Nilimwambia arudi kwao. Akaniambia, 'Kaka yangu aliacha shule ili mimi nishibe. Siwezi kurudi mikono mitupu.'"

Lupa ni mbali kuliko nguvu zangu, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Nilimwuliza nimlipe nini kwa kumtunza ndugu yangu.

"Sahani yako umelipa. Mimi nadai matonge niliyommegea kwa niaba yako. Siku moja mje wote wawili. Wewe uanze, yeye amalize, mimi nikae nitazame. Leo malizia mwenyewe."

Nilimalizia. Kisha nikashuka kilima, nikaanza safari ya kurudi.

Mvua ilinikuta Kagongwa, nikafika nyumbani nimelowa. Jioni tulikaa kwenye sinia, nafasi ya Mabula ikiwa wazi, nao wakanitazama nianze. Safarini nilijifunza jambo moja: niliwafundisha kuungoja mkono wangu, lakini sikuwahi kuwaambia kwamba mtu anaweza kurudi nyumbani bila kitu. Nikawaambia jioni ile ile, kabla sijamega.

Mabula bado hajalisikia neno hilo. Na Bi. Zuhura, juu ya kile kilima, bado anatudai mlo mmoja wa watu wawili.