Chakula Alichokwenda Nacho kwa Mama

Gatakaa hakuwa mnene wa kuchekwa. Alikuwa fundi wa sare za shule pale Kinoru, kazi yake kuketi kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jioni, na mwili nao ukanawiri kupita kiasi. Daktari alipomwambia sukari inapanda, apunguze kilo, aliogopa kweli. Baba yake alikatwa mguu kwa sukari hiyohiyo.

Mtu mwenye hofu hachagui, hunyakua. Alinyakua mpango wa kwanza aliouona kwenye simu: mayai ya kuchemsha, ovakado na nyama kidogo; viazi, mahindi, ndizi na uji ni marufuku. Marufuku, ati, kwa mtu aliyezaliwa Imenti Kusini na kulelewa kwa vyakula hivyohivyo! Kilo zilishuka mbio, na kizunguzungu akakivumilia mradi sketi inalegea.

Jumapili akaenda Kanyakine kumwona mama yake, Kaari. Mama alikuwa amepika mukimo, ndizi zilizopondwa pamoja na maharagwe meusi ya njahi. Alipoandaa sahani, Gatakaa akafungua mkoba, akatoa mkebe wa mayai yake.

Huko kwao, mtu akija nyumbani kwako na chakula chake amekwambia kwamba ana kinyongo nawe, au anaogopa utamtilia kitu. Hahitaji kufungua mdomo. Gatakaa alilijua hilo tangu utotoni, lakini siku hizo kichwa chake kilijaa mizani tu.

"Mimi sitakula, mami. Hivi vyakula niliacha."

"Sawa," mama akasema, akafunika sahani. Jumapili zilizofuata hakupika tena. Aliketi tu akimtazama bintiye akimenya mayai.

Haraka haraka haina baraka. Gatakaa alizimia akiwa kazini, akapelekwa kliniki. Mshauri wa lishe, Fosia, hakumgombeza.

"Hiyo diet ya simu, utaikula mpaka uzeeke?"

"Siwezi, daktari. Hata kwa mami naenda na mayai yangu."

"Basi si yako. Kula githeri yenu ya mahindi na maharagwe, lakini kidogo, mboga ijaze sahani. Inuka kwa hiyo cherehani, utembee. Na ukienda kwa mamako, kula chake. Nusu sahani haitakuua."

Gatakaa alitoka pale mwepesi wa moyo. Alipanga kwamba Jumapili angemwomba mama nusu sahani, kisha amweleze yote ana kwa ana, maana mambo ya namna hiyo hayasemwi kwa simu. Ijumaa kaka yake, Mwiti, akampigia. Mama alikuwa ameanguka shambani, na hakuamka tena.

Baada ya maziko Mwiti alimvuta kando.

"Mami alikuwa ananiuliza kila saa, 'Nilimkosea nini Gatakaa? Anafikiria nitamwekea sumu?' Si ungemwambia tu ni mambo ya kilo?"

Gatakaa aliketi kwenye nyasi, na nguo yake nzuri ya msiba, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Sasa kilo zinashuka polepole, na zikishuka hazirudi. Sukari imetulia. Wateja humsifu, "Fundi, umependeza, siri ni gani?" naye huwaambia wale cha kwao, ila kidogo. Jumapili hujipikia mukimo, akala nusu sahani, akaiosha. Hakuna tena wa kumwuliza kama ameshiba.