Viti vya Kuimbiana

Harufu ya nta ya kung'arishia mbao, ikichanganyika na ya makoti yaliyoloa mvua, haijawahi kunipita hivi hivi. Mwezi uliopita niliingia katika kanisa moja la zamani hapa London kwa harusi ya mfanyakazi mwenzangu, na kabla sijapata hata pa kukaa, nikajikuta nimekuwa tena mtoto wa miaka minane, meno yananigongana kwa baridi. Machozi yakanitoka. Jirani yangu alidhani nimeguswa na uzuri wa bibi harusi, akanipa karatasi laini nijifute, nami sikuona haja ya kumsahihisha.

Kanisa la utoto wangu lilikuwa upande wa Stratford, nyuma ya barabara yenye kelele za mabasi na maduka. Halikuwa letu. Wenyewe Waingereza waliabudu asubuhi, na sisi Waswahili, Watanzania wengi na Wakenya kadhaa, tuliazimwa kila Jumapili mchana. Lilijengwa kwa mtindo ule wa Kigothi, wa matao yaliyochongoka na dari la mawe lililo juu mpaka shingo inauma kulitazama. Madirisha ya vioo vya rangi yalianzia mahali ambapo hata mtu mrefu asingeweza kuchungulia. Nje, kuta zilikuwa na miguu minene ya mawe iliyoziegemea, na mimi niliamini kabisa kwamba kuna mtu alikosea hesabu, nyumba ikataka kuanguka, wakaiwekea mihimili.

Niliwauliza wakubwa kwa nini nyumba ile iko vile, kila mtu akawa na lake. Mama yangu, aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee na kurudi nyumbani mgongo ukimuuma, alisema waliolijenga hawakuwa wanalipia gesi. Mzee Elia, mpiga kinanda wetu, alisema Wazungu wa zamani walipenda makuu. Mzee Elia alikuwa mtu mwema sana mwenye dawa moja tu kwa kila ugonjwa, nayo ni spika kubwa zaidi.

Ugonjwa wetu ulikuwa sauti. Mama alikuwa kiongozi wa kwaya, na huko Machame, mlimani Tanzania, alikozaliwa walimlea akijua kwamba wimbo ni maneno kwanza. Lakini ndani ya nyumba ile maneno yalipanda juu, yakatembea huko yanakojua yenyewe, halafu yakarudi yamechelewa na kuyakanyaga yaliyofuata. Neno la mwanzo wa mstari lilikuwa bado linazurura darini wakati sisi tumeshafika "Amina." Mzee Elia akaongeza spika. Tukawa na vurugu ileile, ila sasa iliumiza na masikio. Kuna watu walianza kuondoka mmoja mmoja, wakaenda kusali kwenye ukumbi wenye zulia.

Kisha Bibi akafariki. Bibi alikuwa mama yake Mama, naye aliongoza kwaya kule Machame tangu ujana wake. Simu ilikuja tukiwa tunakunywa uji, na sijasahau jinsi Mama alivyokisukuma kikombe taratibu mpaka katikati ya meza, kama anayempisha mtu. Hakuweza kwenda kuzika. Hati zake zilikuwa bado ziko serikalini zikisubiri uamuzi, na angetoka nje ya nchi asingeruhusiwa kurudi, nami ningebaki na nani? Watu wa kanisa walijaa sebuleni kwetu na pilau na chupa za chai, wakasema pole, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mama aliitikia kila pole kwa adabu. Usiku alilala na kanga ya Bibi, ile aliyoletewa na mgeni mwaka uliotangulia.

Ila Bibi alikuwa ameacha neno. Siku ya kuzikwa kwake uimbwe wimbo fulani anaoupenda, ule wa mmoja kutoa na wengine kuitikia, na aliyemtaka autoe ni binti yake mkubwa. Binti mkubwa ni Mama. Basi mdogo wake, mama mdogo Anna, akasema jambo lisiwe kubwa: Jumamosi kaburini atashika simu karibu na kipaza sauti, kwaya yetu itaimba London, na waombolezaji Machame watasikia. Tukaombwa tuwe kanisani saa za mazishi, na wenyeji wetu wakakubali.

Jumatano tulifanya mazoezi. Kwaya ilijipanga pale ilipojipanga siku zote, imebanana kwenye ngazi za mbele, nyuso zikitazama viti vitupu. Tukampigia mama mdogo Anna, simu ikawekwa juu ya spika ya Mzee Elia. Walipomaliza ubeti wa kwanza, sauti ya mama mdogo Anna ikatoka, nyembamba na yenye wasiwasi.

"Dada, mbona tunasikia ngurumo tu? Huko kuna mvua?"

"Hapana," Mama akasema. "Ni sisi."

Alikata simu, akaketi kwenye ngazi na kufunika uso kwa viganja. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama akiishiwa. Wanawake wa kwaya walimzunguka, Mzee Elia akainama kukagua nyaya zake ambazo hazikuwa na kosa lolote, na mimi, kwa kuwa sikujua la kufanya na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, nikaondoka polepole kutafuta joto.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo. Ukizipita zile ngazi, kuelekea madhabahuni, palikuwa na safu mbili za viti vya mbao vilivyochongwa maua na nyuso za malaika, safu moja kulia na nyingine kushoto, zikitazamana. Nyuma ya kila kiti mbao zilipanda juu na kumalizikia kwa kipaa kidogo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvikalia. Kwa watu waliolelewa kama Mama, asiye mchungaji hapandi kuketi karibu na madhabahu, na viti vizuri namna ile ni vya askofu na wageni wake. Hatukuuliza, maana kuuliza kungeonekana tunavitamani. Miaka yote tuliyokuwa pale tulivipita kwa heshima, tukaenda kubanana kwenye ngazi.

Mimi nilichojua ni kwamba nyuma ya safu ya kushoto lilipita bomba la maji ya moto. Nikapanda, nikajikunyata kwenye kiti cha askofu, miguu juu. Mama alipoinua uso aliniona. Hakutaka kuniaibisha mbele za watu, kwa hiyo alizunguka upande wa kulia, akasimama mbele ya safu ya pili, akaninong'oneza kwa meno yaliyofungwa.

"Neema. Toka hapo kabla sijaja kukufinya."

Ndani ya kanisa lile mtu angeweza kupiga kelele usimwelewe. Lakini mnong'ono ule ulinifikia mzima, na finyo lake ndani.

"Mum, it's warm here," nikajitetea, kwa sauti ya chinichini.

Mama akatega sikio. "Sema tena."

Mtoto yeyote aliyelelewa na mama wa Kiswahili anajua kwamba "sema tena" si ombi. Nilianza kulia. Lakini Mama hakuwa ananitazama tena, alikuwa anatazama vile vipaa vya mbao juu ya kichwa changu. Akaimba mstari mmoja wa wimbo wa Bibi, taratibu, bila kipaza sauti. Kila neno likatua.

Ni wakati huohuo alipoingia Mchungaji Helen, mwenyeji wetu, mwanamke mrefu aliyekuja kufunga milango, kofia ya baiskeli ikiwa bado kichwani. Mama aliruka kama kaungua. Akaanza kuomba radhi kwa Kiingereza na Kiswahili pamoja, kwamba mtoto amekosa adabu, kwamba tunateremka sasa hivi, kwamba hatujawahi kukaa huku hata siku moja.

Mchungaji Helen alitutazama kwa mshangao. "Kwani kwa nini hamjawahi? Hivyo ni viti vya kwaya."

Hata Mzee Elia akaziacha nyaya zake. Mchungaji alisema alidhani siku zote tunapenda kusimama, na aliona si ustaarabu kuwapangia wageni namna ya kuimba. Nadhani aliona aibu kama Mama alivyoona. Ndipo akavua kofia, akaketi ngazini, akatueleza nyumba yake. Kule kwenye ukumbi mrefu wa waumini, alisema, palitengenezwa kwa maandamano na kwa uimbaji wa polepole, sauti ipande yenyewe. Matao yamechongoka ili uzito wa dari ushuke kwenye nguzo na kwenye ile miguu ya nje, ukuta upate nafasi ya kubeba madirisha, na mtindo huo ulianza zamani ambapo wengi hawakujua kusoma, wakasoma hadithi kwenye vioo. Na huku mbele pamefanywa pafinyu, penye mbao, kwa sababu hapa watu walikuwa wanaimbiana. Safu hii inatoa mstari, ile inaitikia. Mbao za nyuma zinairudisha sauti kwa aliye mbele yako isipotelee darini.

"Kila kitu hapa kilijengwa kwa ajili ya kazi fulani," alisema.

"Hata baridi?" akauliza Mzee Elia, na Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ile simu.

Jumamosi wanakwaya walikuja kwa vitenge vyeusi na kanga. Walipanda zile ngazi kwa kusitasita, wengine wakavua viatu, wakakaa safu mbili wakitazamana. Mzee Elia alizima spika zake moja baada ya nyingine kwa huzuni ya mtu anayezika wa kwake, kisha akaketi na waimbaji wa besi. Mama alikaa safu ya kushoto, mimi miguuni pake, na simu iliwekwa kwenye kigoda katikati. Tulisikia upepo wa Machame, kikohozi cha mtu, na jembe likigonga jiwe. Mama mdogo Anna akasema, "Haya, dada. Toa."

Mama akautoa. Sauti yake ilitetemeka mwanzo, ikakaa sawa. Ulipofika mwisho wa mstari, safu ya kulia ikavuta pumzi iitikie.

Hawakuwahi. Kiitikio kilitoka kwenye simu. Mlima mzima, wanawake, wazee, watoto, kwaya yote ya Bibi wamesimama kando ya kaburi lake, wakamwitikia Mama. Safu ya kulia wakafunga midomo, kwa kuwa waliona zamu si yao. Mama akatoa ubeti wa pili, Machame wakaitikia. Akatoa wa tatu, machozi yakimdondokea kwenye kitenge na juu ya kichwa changu, na hakukosea neno.

Kwa miaka mingi niliamini Mama alilia pale kwa sababu Bibi amekufa. Nilikuwa mtu mzima, nami nimeshaishi mbali na watu ninaowapenda, nilipoelewa kwamba kwa hilo alikuwa amelia wiki nzima, peke yake. Waliochonga vile viti walijua mwenye kuimba anahitaji mtu wa kumwitikia, wakamjengea upande wa pili. Siku ile upande wa pili ulikuwa Machame, na Mama alilia kwa sababu ameitikiwa.