Amplifaya Isiyo na Transfoma

Mwishoni mwa miaka ya sabini vipuri vilikuwa adimu katika mji wetu wa Mahajanga, lakini redio hazikuacha kuharibika. Mimi na baba tulizitengeneza katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, hakuweza tena kuziona rangi za rezista, vile vipuri vidogo vyenye mistari, kwa hiyo mimi, binti yake wa miaka ishirini na minne, ndiye niliyechoma lehemu. Yeye alikunywa chai na kunikosoa.

Siku moja ikaja barua kutoka kijiji cha Marodoka, kisiwani Nosy Be. Rafiki yake wa zamani, mzee aliyekuwa na ukumbi wa harusi na dansi, alisema unyevu wa bahari umeila transfoma ya amplifaya yake, ile inayokaa kati ya vali na spika. Waya wa kuisuka upya haukupatikana popote. Alichokuwa nacho ni kreti nzima ya vali, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio za zamani.

Mimi nilikuwa nimeona katika gazeti moja la Kifaransa mchoro wa amplifaya isiyo kabisa na transfoma hiyo ya kwenda kwenye spika. Unapanga vali nyingi sambamba, zisaidiane kuisukuma spika moja kwa moja. Baba aliusikiliza mchoro nikimsomea, kisha akaniruhusu niende. Nikasafiri kwa magari matatu hadi bandari ya Antsahampano, nikavuka kwa mashua, vifaa vyangu nimevifunga ndani ya kanga.

Nilijenga kwa siku tisa. Vali nane, nne upande huu, nne upande ule, na kama pande zote mbili zikivuta sawasawa, spika haipati umeme wowote ila muziki. Mzee alikuja kila asubuhi na maandazi, akatazama, akaondoka. Kwa Kimalagasi chake chenye maneno ya Kingazija hapa na pale, aliniambia tu kwamba harusi ya kwanza ni Jumamosi.

Alhamisi mchana nikawasha. Sauti ilitoka safi mno, hata waliokuwa wakipita nje walisimama mlangoni. Nikajiona fundi wa mafundi. Dakika ya nne vali moja ikaanza kuiva nyekundu, spika ikanguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Nilikwenda posta kumpigia baba simu, nikamweleza yote huku nikijizuia kulia.

Akauliza, "Kabla ya kufunga spika, ulipima volti pale inapofungwa?"

"Hapana, baba."

"Basi usiilaumu amplifaya. Transfoma ilikuwa inauzuia umeme huo usifike kwenye spika, ikikufichia uzembe wako. Sasa haipo."

Nilirudi ukumbini nimenuna, lakini nikijua alisema kweli. Mzee aliikagua spika iliyoungua, akaenda kuleta nyingine mbili. Safari hii, usiku ule ule, nilipima vali zote moja moja, nikaitupa ile mbovu na kuweka nyingine kutoka kwenye kreti. Kila vali nikaiwekea fyuzi yake. Njiani kuelekea kwenye spika nikaweka kapasita kubwa, ili umeme usio wa muziki ukwame hapo. Spika mbili nikaziunga kwa mfuatano, vali zisibebe mzigo mzito kupita nguvu zao, na kifuniko cha juu nikakiacha wazi ili joto litoke. Siku nzima ya Ijumaa niliiacha iwake bila spika, nikipima kila nusu saa.

Jumamosi amplifaya ilipiga tangu adhuhuri mpaka jioni. Wakati wa bibi harusi kuingia, fyuzi moja ilikatika. Sauti ilipungua kidogo tu, na hakuna aliyegeuka isipokuwa mimi na mzee. Aliniangalia, nikamwashiria atulie, akaendelea kula pilau.

Miaka iliyofuata alituandikia mara mbili tatu kwa mwaka: vali imekufa, nyingine imewekwa, watu wanacheza. Kutokana na ukumbi ule nilipata wateja katika miji mingine ya kisiwa kile, kadhaa Hell-Ville na wawili Dzamandzar, wakati kiwanda cha sukari cha huko bado kinafanya kazi. Mmoja wao aliniomba amplifaya kama hiyo kwa ajili ya sebule yake isiyo na dirisha. Nilimweleza kwamba vali nane hutoa joto kama jiko. Alisema atavumilia. Baada ya mwezi mmoja alitoboa ukuta, na mkewe akanitumia samaki wa kukaanga kunishukuru kwa dirisha.