Waya Usiowasha Taa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na plaizi mpya mfukoni, nikapewa sururu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, binti pekee katika darasa la umeme, na nilitegemea kupandishwa nguzoni. Fundi Mkuu wa shamba lile la kahawa, lililopakana na msitu wa Ngorongoro juu ya Karatu, alikuwa mzee wa Kichaga, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alinionyesha mstari alioupiga kwa chokaa kutoka kwenye transfoma hadi nyumba ya pampu.

"Chimba hapa, binti. Kina kifike kiunoni kwako, si kiunoni kwangu."

Tulipokaa kunywa chai nilimuuliza kwa nini waya usipite juu ya nguzo. Akaniambia ulishapita huko. Uliibiwa ukarudishwa, ukaibiwa tena.

"Shaba ikionekana, Emi, ina wateja," alisema. "Ikifukiwa, mwizi naye atahitaji sururu. Na mtu anayependa sururu hawi mwizi."

Nilicheka, lakini niliendelea kuchimba. Viganja vilitoka malengelenge kabla sijagusa umeme hata kidogo.

Katika shamba lile ndipo nilipoujua waya wa ethi, na nyinyi mnaoanza kazi hii sasa naomba mnivumilie niueleze, maana ndio uliobeba habari yangu yote. Kila mtambo una nyaya zinazoleta umeme, na una waya mmoja usioleta kitu. Huo hutoka kwenye mwili wa mtambo na kushuka hadi kwenye fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini. Mota ikiharibika ndani na umeme ukavujia kwenye chuma cha nje, waya huo huupeleka umeme ardhini, na swichi kuu hujikata. Siku nyingine zote umekaa tu. Wezi wameupendea hilo hilo. Mtu akiukata, taa zinaendelea kuwaka na pampu inaendelea kusukuma. Shaba imekwenda, na hakuna aliyeshituka. Kwa hiyo Fundi Mkuu alianza kila ukaguzi kwa kuchuchumaa nyuma ya mtambo, na mimi nilichuchumaa naye, hata msimu wa mvua ambapo udongo mwekundu wa kwetu hung'ang'ania magoti kama unga wa ugali.

Yeye alipoondoka kwenda kusimamia umeme wa hoteli za watalii, nami nilihama. Mradi wa maji wa vijiji vya Mbulumbulu ulitafuta fundi anayeongea Kiiraqw, lugha ya kwetu, nikachukuliwa. Mkubwa wangu mpya, Meneja wa mradi, alikuwa mtu wa Arusha, mpole wa maneno na mkali wa kazi. Alinikabidhi kisima kirefu, pampu yake na magati ya kuchotea maji, akaniambia, "Fundi Emi, hapa maji yakikatika siku moja watu wanarudi kwenye mabwawa ya ng'ombe. Usiniletee habari ya kukatika."

Wizi ulikuwepo tayari. Waya wa taa ya uani, waya wa shule, wa zahanati, hata wa mashine ya kusaga ya jirani. Meneja aliweka uzio, akaweka mlinzi, akabandika vibao vya hatari vyenye fuvu la kichwa. Nyaya za umeme mkubwa zilipona, maana watu waliziogopa. Waya wa ethi haukuogopwa na mtu.

Asubuhi moja ya kiangazi nilikuwa mjini Karatu kununua vipuri nilipopigiwa simu kwamba bomba limempiga mtu. Aliyepigwa ni Elizabeti, mama wa watoto wadogo, nyumba yake haiko mbali na kisima. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya gati lililo ukutani mwa nyumba ya pampu, yuko peku juu ya tope, akashika koki ya chuma, na mkono haukuachia tena. Nyuma yake alisimama mama mmoja mtu mzima, tuliyemwita Mama Bura kwa jina la mwanawe. Huyo hakumshika. Alichukua fimbo kavu aliyoswagia punda, akaupiga mkono wa mwenzake kwa nguvu zake zote mpaka ukaachia. Elizabeti alipona. Vidole vya mkono wa kulia viliungua na havikukunjika tena vizuri.

Nilipofika, pampu bado ilikuwa inanguruma na taa ya nje inawaka mchana kweupe. Nikakata umeme, nikaenda nyuma, nikachuchumaa. Waya wa ethi haukuwepo. Mota ilikuwa imeanza kuharibika ndani kwa muda, na umeme uliotakiwa kushuka ardhini ulikwenda kwenye bomba kumsubiri wa kwanza kulishika.

Wanakijiji walikasirika, na walikuwa na haki. Wengine walitaka mradi ufungwe. Jioni ile Meneja aliketi nami kwenye ngazi ya ofisi. Kisha akasema, "Tumewafundisha watu kuogopa umeme. Hatujawahi kuwaambia waya huu unafanya kazi gani. Kesho kwenye mkutano waeleze wewe, kwa lugha yenu."

Nikaeleza. Nilishika kipande cha waya mkononi nikaupitisha umeme kwa maneno, kutoka kwenye mota hadi kwenye bomba, kutoka kwenye bomba hadi kwenye mkono, polepole, mpaka wazee wakaacha kunong'ona. Elizabeti alikuwa amekaa mbele, mkono umefungwa bendeji. Aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo aliyeuchukua hakutaka kuniua?"

"Alichotaka sikijui," nilimjibu. "Ninachojua ni kwamba waya ungekuwepo, leo ungekuwa shambani."

Akautazama mkono wake, akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Jana yake nilikuwa nimembeba mtoto."

Kesho yake nilikuwa nafunga waya mpya aliponijia kijana mmoja mwendesha bodaboda. Alizima pikipiki mbali, akaja kwa miguu. Alikuwa Bura, mtoto wa yule mama wa fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akasimama. Macho yake yalikuwa kwenye waya. "Nilidhani ni wa akiba," alisema. "Niliukata, taa ikabaki inawaka. Nikajua hauna kazi."

Niliweka plaizi chini. Hasira ilinipanda, na nadhani aliiona, kwa sababu alirudi nyuma hatua moja. Kisha akasema jambo lililonimaliza nguvu: "Mama yangu alikuwa wa pili kwenye foleni."

Nikamwambia, "Bura, hili si la kuniambia mimi. Twende kwa mtendaji wa kijiji."

"Wataniua kabla sijafika."

Hakuwa anatia chumvi. Tumeona vijana wakichomwa moto kwa wizi mdogo kuliko ule. Nikampigia simu Meneja, akaja na gari la mradi mpaka mlangoni mwa nyumba ya pampu. Njiani hakumtukana. Alimwuliza jambo moja tu, nani ananunua. Bura akamtaja mnunuzi wa vyuma chakavu mjini, aliyekuwa akichoma maganda ya nyaya nyuma ya ua wake. Kesi ilikwenda mahakamani kwa wote wawili. Bura alifungwa, na mnunuzi akafungiwa biashara yake.

Baada ya hapo tulibadilisha namna ya kufanya kazi. Kila palipowezekana, waya wa ethi wa shaba tuliuondoa tukaweka wa chuma, ambao hauna soko, na kiungo chake na ardhi tukakimwagia zege. Shaba tuliyolazimika kuibakiza tuliipaka rangi ya mradi, na Meneja akaenda mwenyewe kwa wanunuzi wa vyuma, mmoja mmoja, kuwaonyesha rangi ile. Lakini ukiniuliza ni kipi kilichozuia wizi zaidi, nitakwambia ni kamati za maji. Mama anayefungua gati asubuhi hutazama kwanza nyuma ya nyumba ya pampu, kisha ndipo afungue koki. Hakuna mlinzi wa kulipwa aliyewahi kuutazama waya kwa macho ya mtu ambaye mwanawe atashika bomba muda si mrefu.

Hilo nililiona tena nilipoazimwa kwenda Endulen, kwa Wamaasai, kufunga pampu ya maji ya mifugo. Kiongozi wa rika pale, laigwanani, alinisikiliza kupitia mkalimani, amejifunga shuka yake vizuri, fimbo begani. Nilipomaliza aliuliza, "Mtu akiukata waya huu, nani ataumia kwanza?"

"Atakayegusa bomba kwanza, baba."

"Wanaotangulia kugusa ni wachungaji wadogo na wake zetu." Akawageukia wenzake, akaongea nao kwa Kimaasai. Mkalimani aliniambia amewagawia waya ule, boma kwa boma, kama wanavyogawana zamu ya kunywesha. Kwa miaka yote niliyokwenda kuukagua, niliukuta.

Sasa nimestaafu. Mafundi wa leo hunitembelea nyumbani Karatu, wananionyesha kamera na ving'ora vinavyopiga simu vyenyewe. Navisifu, ni vitu vizuri. Halafu nawauliza kama wenye maji wanajua waya ule unafanya nini, na wengi hukiri hawajawahi kuwauliza. Kisheria Bura alilipa. Alipotoka gerezani alipita nyumbani kwao mara moja, akaenda zake, wanasema yuko Loliondo. Mimi bado sijui kama kifungo kilimfunza chochote zaidi ya alichojifunza siku ile mkutanoni, akiwa amesimama nyuma ya watu.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Mbulumbulu kuaga. Nilifika watu wakiwa kwenye foleni. Elizabeti alikuwa amejaza ndoo yake, amekunja kata ya kitambaa kichwani, anasubiri, kwa sababu mkono ule hauwezi kunyanyua. Mama Bura akatoka kwenye nafasi yake nyuma. Hawakusalimiana, hawakuangaliana. Yule mama mzee aliinama, akashika ndoo kwa mikono miwili, akamtwisha, akaishikilia mpaka ikatulia. Nikamuuliza mama wa kamati aliyekuwa karibu yangu kama wamepatana.

"Hawajawahi kuongea juu ya jambo lile," alinijibu. "Lakini Mama Bura hajawahi kukosa siku."