Nyumba Isiyokatwa Umeme

Dada yangu Émerance hakujua kukataa. Mama yetu alikuwa akimcheka kwamba hata mwizi akimwomba ufunguo, atampa na kumwonyesha mlango. Mimi sikucheka. Mimi hasira zangu ziko karibu, na katika kueleza habari za dada sitajifanya kuwa zimepoa.

Aliuza maandazi sokoni Katuba, mtaa wetu. Wanawe walivuka kwenda Zambia mambo yalipoharibika, akabaki na mumewe, Gérard. Huyo Gérard alichimba shaba chini ya ardhi miaka mingi, na vumbi likamkaa mapafuni. Mwishoni hakuweza kuvuka ua bila kushika ukuta. Hospitali ilimpa mashine ya oksijeni, inayotumia umeme, yenye mrija wa kuingia puani. Mashine ikinguruma, Gérard anapumua, anaongea, anamtania dada kuhusu maandazi yake magumu. Ikinyamaza, midomo yake inageuka rangi. Kwa hiyo ndoa yao ilikuwa hivi: umeme ukiwepo, dada ana mume.

Na huo ndio mwaka ambao kila kitu kiliporomoka. Mvua haikunyesha, mabwawa yakakauka, waya mkubwa wa kutoka upande wa Kolwezi ukaibwa vipande vipande. Viwanda vikafungwa. Watu waliokimbia vita Kivu wakajaa katika vyumba vya kupanga. Ili gridi yote isianguke, zikaletwa mita mpya, zinazowashwa na kuzimwa kutoka ofisini mjini bila mtu kupanda nguzo. Zamani mkata umeme alikuja na ngazi yake. Ungemsalimia, ungempa kiti, ungemlilia akuonee huruma. Sasa unamlilia nani? Kisanduku kilichofungwa juu kwenye nguzo?

Fundi aliyefunga mita ya dada aliijulisha ofisi kwamba mle ndani kuna mgonjwa wa mashine. Barabara nzima ingezimwa, nyumba ile ingeachwa. Alimwonya dada pia kwamba umeme anaoruhusiwa ni kidogo. Ukizidi, mita inajizima, inasubiri, kisha inajaribu kuwasha. Ikikuta mzigo uleule, inajizima tena, na baada ya majaribio matatu inajifunga kabisa mpaka ofisi iifungue.

Kwetu Katuba humnyimi jirani waya. Wa kwanza kuja alikuwa Wivine, mjane anayeuza samaki wa Kasenga, ambaye friza yake ndiyo iliyolisha watoto wake. Akafuata Papa Kalaba, mkuu wa barabara yetu, aliyetaka taa moja tu. Kisha familia kutoka Kivu, kisha wengine. Gérard mwenyewe alisema wapewe, kwa sababu ndio hao waliombeba mgongoni hadi hospitali. Nyaya zao zikaunganishwa juu kule kwenye nguzo, chini ya mita ya dada, ili umeme wao upitie humo. Nilimwambia dada anacheza na pumzi ya mumewe. Akanijibu kwa upole kwamba taa haili umeme mwingi. Taa, sawa. Lakini waya ukishaingia nyumbani kwa mtu, nani atamchunga? Kila mmoja alichomeka jiko la umeme, maana makaa nayo yalikuwa yameadimika.

Siku ile nilikuwa nimekwenda kuwatazama. Mchana ofisi ikashusha kiwango cha nyumba zote za wagonjwa, na hakuna aliyetuambia. Mashine ikanyamaza Gérard akiwa anakula. Chupa ya akiba ya oksijeni ilikuwa tupu, kwa sababu kiwanda cha kuzijaza nacho kilikosa umeme.

Dada akazima vyake vyote, tukatoka mbio mlango kwa mlango kuwaomba majirani wachomoe. Lakini Katuba, courant, yaani umeme, ikikatika, hakuna anayegusa swichi. Tumekua na mgao. Unaiacha taa kama ilivyo ili ikuambie umeme umerudi, unaiacha sufuria juu ya jiko ili usipoteze hata dakika. Papa Kalaba alitutazama kwa huruma ya kweli.

"Mama, courant haiko. Sasa nizime nini?"

Dada alipokuwa bado anamweleza, mita ikajaribu, ikakuta majiko yote yanaisubiri, ikajizima. Hapo Kalaba alielewa. Alichomoa lake, akakimbia kuwaambia wengine. Lakini friza ya Wivine ilikuwa nyuma ya kufuli, naye yuko Kasomeno anapokea samaki, na watu wa Kivu walikuwa kanisani, mlango wamefunga, jiko lao limeachwa limewashwa. Mita ikajaribu tena, ikajizima. Kalaba akaleta ngazi, akapanda na panga akakata nyaya zote za majirani. Alikuwa amechelewa. Mita ilikuwa imejaribu mara ya tatu na kujifunga.

Nikapiga simu ofisini. Sauti ya mwanamke, iliyorekodiwa, ikaniomba kwa Kifaransa kizuri nisubiri. Nilisubiri mpaka Gérard akafa, mkono wake umeshika mkono wa dada.

Ofisi ilirudisha kiwango na kufungua mita jioni, tukiwa bado tunamwosha. Mashine ikaanza kunguruma, mrija wake uko sakafuni. Dada hakuizima. Mimi ndiye niliyeizima, na niliwachukia watu wote wa barabara ile.

Siku za kilio umeme haukukatika hata mara moja. Nyaya zikaunganishwa upya, eti kwa ajili ya waombolezaji. Kilio kilipokwisha, Kalaba na Wivine wakaja wakaketi mbele ya dada. Kalaba alizunguka sana kwa maneno kabla ya kusema kilichowaleta.

"Mama, tunakulomba, usiende kusema ku bureau. Kule, mu kitabu yao, Papa Gérard angali mugonjwa. Courant itabakia."

Wivine alilia, akataja watoto wake na samaki wake. Hakuwa anasema uongo. Nilifungua mdomo niwatukane, dada akaniwekea mkono gotini.

"Gérard alitumika chini ya udongo mpaka mapafu ikaisha," alisema. "Sasa amekufwa. Munataka angali anatumika?"

Asubuhi tukaenda mjini kwenye hiyo bureau, ofisi ya umeme, dada akasema kwamba mumewe amefariki. Kijana wa ofisini alimpa pole, akabonyeza kitu. Tuliporudi, barabara yote ilikuwa imezimwa, na nyumba ya dada pamoja nayo.

Wivine alikuwa ametandaza samaki wake uani, anawapasua na kuwatia chumvi kabla hawajaoza. Hakutusalimu. Dada alichukua kisu, akaketi kando yake, akaanza kupasua. Walifanya kazi hivyo kwa muda mrefu, kisha Wivine akamwuliza, bila kuinua uso, kwa nini amefanya vile.

"Courant ilirudi kwa jina yake," dada alisema. "Yeye, hapana."