Kwa Émérance, Huondoki na Suruali Kabla ya Kuporwa

Saa nne asubuhi, mtaa wa Matonge, Brussels. Ndani ya duka la ushonaji lisilozidi upana wa vitanda viwili, mzee wa Kibelgiji anajipapasa mifuko huku uso umemwiva. Mbele yake amesimama mama mfupi, utepe wa kupimia shingoni, amemwelekezea rula ya mbao kifuani.

"Toa! Moja, mbili…"

"Subiri kidogo, mama, nivae miwani," anasema mzee kwa Kifaransa, lugha wanayoelewana.

"Mwizi hangojake miwani, papa Constant! Umeshakufa. Toka inje, ingia tena."

Mama huyo ni Émérance Nabintu, mwenye umri wa miaka 43, mzaliwa wa Bukavu. Kwa miaka sita amekuwa akishona mifuko ya siri ndani ya nguo za watalii, wengi wao wakielekea Kolombia, Ekwado na Peru. Mfuko mmoja ni euro ishirini. Pasipoti na pesa hukaa humo, kiunoni. Mfuko wa mbele una noti chache zilizokunjwa, anazoziita "pesa ya mwizi".

Hakabidhi nguo mpaka mteja afaulu zoezi. Émérance humvamia, naye anatakiwa kutoa pesa ya mwizi kabla ya hesabu kufika tatu, bila kubishana, bila kumkazia macho.

Constant, dereva wa tramu aliyestaafu, anafaulu mara ya tatu. Anacheka mpaka anakohoa. Émérance anamsindikiza mlangoni akimkumbusha mengine aliyoyakusanya kwa wateja waliorudi: simu usiitoe barabarani, teksi waombe hotelini wakuitie, kinywaji cha mtu usiyemjua kiache mezani.

Mlango unapofungwa, uchangamfu unamwisha Émérance. Anakaa kwenye cherehani, anasimama, anachungulia barabarani, anakaa tena. Sindano imevunjika mara mbili tangu afungue duka.

Ukutani imening'inia suruali ya kijani iliyokamilika tangu Jumatatu. Ni ya Jémima, mwanawe wa pekee, mwenye umri wa miaka 23, anayesomea uuguzi. Jumamosi anaruka kwenda Bogotá na wenzake wawili kutembea kwa wiki tatu. Zoezi amelikataa.

"Ananiambia, 'Maman, miye si mukimbizi. Niko touriste.' Bon. Touriste haporwake?"

Ufundi huu aliupata njiani. Mwaka 1996, akiwa na miaka kumi na minne, aliikimbia vita ya Bukavu pamoja na mama yake na kaka yake, Bahati. Mama yao alishonea pesa ndani ya pindo la kitenge. Kwenye kizuizi cha barabarani, wenye bunduki waliitaka redio aliyobeba Bahati. Bahati akaikumbatia.

"Ilikuwa redio tu," anasema Émérance, akiokota nyuzi sakafuni ambako hakuna nyuzi. "Pesa ilipona. Bahati hakupona."

Alipoanza kuwashonea watalii, alifanya kama mama yake: aliziba mfuko kabisa, kwa uzi wa mkono, maana mkimbizi haufungui mpaka afike. Mteja wake wa kwanza alifika uwanja wa ndege, akaombwa pasipoti, naye akaanza kuwaomba maofisa wampatie mkasi. Émérance akahamia kwenye zipu siku hiyo hiyo.

Saa sita kasorobo Jémima anaingia, vipokea sauti vya masikioni vikiwa shingoni, simu mkononi.

"Maman, nimekuja kuchukua suruali. Lakini ile théâtre yako, hapana."

"Alors na suruali hapana."

"Franchement! Unafanya kama vile Kolombia kila muntu ni mwizi."

"Sisemi vile. Kuko watu bazuri kama hapa. Miye ninaogopa yule mumoja."

Jémima anahema kwa nguvu, anaivaa suruali nyuma ya pazia, anatoka, anasimama katikati ya duka kama anayepigwa picha. Émérance anachukua rula.

"Simu! Toa! Moja…"

Jémima anatoa pesa ya mwizi.

"Sikusema pesa. Simu! Mbili…"

Mkono wa msichana unairudisha simu kifuani. Anaikumbatia kwa mikono miwili. Hesabu inafika tatu. Rula inashuka.

"Jémima." Émérance anaiweka rula mezani. "Chuma tu hiyo. Nitakununulia ingine."

"Papa iko ndani."

Hilaire, baba yake, alifariki miaka miwili iliyopita. Alikuwa mlinzi wa usiku wa ofisi karibu na kituo cha Schuman, na kila asubuhi alipotoka kazini alimtumia binti yake ujumbe wa sauti. Jumbe zilizobaki ni mia moja na kumi na nne. Émérance hakuwahi kujua kwamba zimehifadhiwa.

Anageuza kibao cha mlangoni kionyeshe duka limefungwa, anaitoa simu yake mwenyewe, anaiweka mezani kati ya nyuzi na vifungo.

"Tuma huku. Zote."

Wanakaa bega kwa bega. Jémima anatuma moja baada ya nyingine, na simu ya mama inalia, inalia. Katikati kidole cha Émérance kinateleza, sauti ya mwanamume aliyechoka inajaa dukani: "Jémima, amuka, maman. Inje kuko baridi. Vaa kofia."

Hakuna anayeizima.

Ujumbe wa mwisho unapofika, saa saba imepita. Jémima anasimama mwenyewe, bila kuambiwa. Émérance anainua rula.

"Simu! Moja, mbi…"

Simu imeshafika mkononi mwa mama.

Jémima akishaivua suruali nyuma ya pazia, Émérance anaikunja, anaifungua, anaikunja upya, anamkabidhi pamoja na simu. Mipango yake ya wiki tatu zijazo ni mifupi: hatampigia Jémima na wenzake simu usiku, ameahidi, na Jumamosi ya kurudi duka litabaki limefungwa. Ndege inatua saa nne asubuhi. Saa mbili atakuwa uwanja wa ndege wa Zaventem.

"Hiyo simu bachukue hata siku ya kwanza," anasema, macho kwenye mgongo wa binti anayekata kona kuelekea metro. "Miye nitangoja mutoto."