Tulasi Haichumwi Jua Likizama

Enzi zetu pale Crescent Town, mtaa wa maghorofa huko Toronto, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mtoto akikohoa mara mbili tu korido nzima ilishajua, na jirani yetu Bibi Kanta alishabandika sufuria. Alikuwa Mhindi wa Tanga, Kiswahili chake kitamu kuliko chetu sisi tuliojibu kila kitu kwa Kiingereza. Dirishani alipanda tulasi, ndugu yake kivumbasi, kwenye ndoo tupu ya mtindi. Majani aliyachemsha na tangawizi na pilipili manga, akatia asali. Mafua, kikohozi, homa, vyote dawa ilikuwa hiyo hiyo, kama alivyofundishwa na mama yake. Ilichoma mpaka puani, nasi tuliinywa kwa furaha kwa sababu baada yake alitugawia kashata.

Alikuwa na sharti moja tu: tulasi haichumwi jua likizama. "Amelala," alituambia. "Humchumi mtu usingizini." Tanga sharti hilo halisumbui mtu. Toronto mwezi wa Desemba, jua linaaga hata hujavua buti za theluji. Tulitoka shule mbio, makamasi yanatiririka, ili tuliwahi jua.

Jumamosi moja nilitoka mazoezi ya kwaya ya watoto sauti imekauka kabisa. Kesho yake asubuhi ndimi niongoze wimbo wa Kiswahili kanisani, na babu yangu aliyekuja kututembelea kutoka Korogwe alikuwa anaondoka jioni yake. Hakuwahi kunisikia nikimaliza sentensi moja ya Kiswahili, sembuse wimbo. Nilimgongea Bibi Kanta nikilia bila sauti. Jengo la mbele lilishaficha jua. Akachungulia, akatafakari, kisha akaibeba ndoo kifuani.

"Huku chini limezama. Ghorofa ya mwisho bado. Twende."

Kwenye lifti tukakutana na Mama, anatoka zamu yake ya unesi.

"Mama Jayesh, leo unalidanganya jua?" Mama alimuuliza Bibi Kanta, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Silidanganyi mwanangu, nalifuata."

Mama alicheka, akapanda nasi. Kule juu, mwisho wa korido, jua lilikuwepo, jekundu, limebaki kidogo. Bibi Kanta akaiomba tulasi radhi kwa Kigujarati, akachuma upesi upesi. Nilifukizwa, nikanyweshwa, nikalazwa.

Asubuhi niliimba. Sauti ilikwaruza kama bawaba kavu, lakini ilitoka, na Babu alisimama akaimba nami mpaka mwisho, machozi yanamtoka bila aibu. Mama hadi leo anasema dawa ilikuwa usingizi. Mimi sibishani naye.

Siku hizi watoto wangu wakikohoa nabonyeza simu, dawa inafika mlangoni, na aliyeileta keshaondoka kabla sijafungua. Binti yangu anashangaa eti tulingoja jua ili tunywe chai. Anapona, namshukuru Mungu. Ila kwenye korido yetu hii nzuri, yenye zulia, hakuna mlango hata mmoja anaoweza kuugonga akilia.